Mkunga na Mwalimu Katika Nyumba Moja

Kwa desturi zetu mgeni huulizwa kwanza atokako, ndipo hupewa kiti. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla sijakushirikisha mawazo yangu juu ya mambo mengine yaliyomo kitabuni humu, naona ni adabu nijitambulishe: mimi ni nani, nimeishi na nani, nimefanya kazi gani, na saa zangu za mapumziko nimezitumiaje. Wako wanaoona kwamba habari za nyumbani si za kuandikwa. Siwalaumu, ila sikubaliani nao.

Nilizaliwa mwaka 1951 kusini mwa Tabora, katika nchi ya miombo. Baba yangu alikuwa mkulima wa kawaida, lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyuki. Aliitengeneza mizinga yake mwenyewe kwa magome ya miti, akaitundika juu, na kila msimu alitoweka porini majuma kadhaa pamoja na warina asali wenzake. Akirudi alinuka moshi, na sisi watoto tulimpokea kwa vidole tayari kulambwa. Shule nilianza nikiwa na miaka 8. Nilipomaliza kidato cha nne nilichaguliwa kwenda Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza. Nilipanda treni mwanzoni mwa mwaka 1971 nikiwa na sanduku la bati na jozi moja ya viatu.

Butimba ndiko nilikofundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo, kuandika ubaoni bila kuwapa wanafunzi mgongo, na kumsikiliza mtoto hadi amalize sentensi yake. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Huko huko mkufunzi wetu wa jiografia alituonyesha kipimamvua. Ni chombo rahisi: mrija wenye faneli mdomoni, chupa ndani yake, na bilauri ya kioo yenye alama za milimita. Huwekwa mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba angalau mara mbili ya kimo cha kizuizi hicho, na husomwa kila siku saa 3 asubuhi. Mkufunzi alisema kipimo kilichorukwa siku moja ni kama sentensi iliyokatwa katikati. Wenzangu walicheka. Mimi nilishikwa.

Nilianza kazi mwaka 1973. Mwaka uliofuata Operesheni Vijiji ilihamisha watu wengi kutoka mashambani kwao, na shule tuliyoifungua katika kijiji kipya ilikuwa ya miti na nyasi, watoto wakikaa juu ya magogo. Kisha mwaka 1977 likaja jukumu kubwa la Elimu ya Msingi kwa Wote, lile la UPE, kufuatana na Azimio la Musoma la mwaka 1974. Watoto walijaa, walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufundisha huku wakijifunza kazi kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wetu sisi tuliopita vyuoni. Watu wa mjini waliwakejeli, wakasema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mimi nililea vijana 6 wa namna hiyo na ninasema bila kusita kwamba watatu kati yao walikuwa walimu bora kuliko baadhi ya wenye vyeti vinavyong'aa. Mwaka 1982 nikawa mwalimu mkuu, na nilibaki na cheo hicho katika shule tatu mbalimbali hadi nilipostaafu mwaka 2011. Habari za uhaba wa chaki na madaftari wa miaka ile zimekwisha kuandikwa na wengi, sizirudii.

Mke wangu alikuwa mkunga wa zahanati iliyokuwa jirani na shule yetu. Tulifahamiana kwa sababu ya chaki. Alikuja kuomba vipande vya kuandikia siku za kliniki kwenye ubao wa zahanati, nikampa vitatu. Juma lililofuata akaja tena. Mara ya nne nilimuuliza kama huko zahanati wanakula chaki. Tulifunga ndoa mwaka 1976. Tulijaliwa watoto watano. Mmoja, wa pili kuzaliwa, alifariki kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili, na wanne wapo. Binti yetu wa kwanza ni mhasibu Dodoma, anayemfuata ni mwalimu Kigoma, wa tatu ana duka Tabora mjini, na kitinda mimba ni fundi umeme Dar es Salaam.

Maisha yetu yalikwenda hivi: yeye aliwapokea watoto duniani, mimi nikawaandikisha darasa la kwanza miaka saba baadaye. Kijiji kizima kilipita mikononi mwake kwanza, ndipo kikaja kwangu. Nikimlalamikia kuhusu mtoto mtukutu, aliniambia, "Yule alitanguliza miguu. Mvumilie."

Na hapa ndipo kipimamvua changu kilipopata kazi ambayo mkufunzi wa Butimba hakuitaja. Chombo hicho nilipewa na bwana shamba mmoja aliyekuwa akihama, nami nilianza kuandika mvua kwenye daftari kuanzia Novemba 1975, msimu ulipoanza. Sikukusudia zaidi ya kuwafundishia hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Basi paa la darasa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, likinyeshewa milimita 20, linamwaga lita 1,200. Watoto walipopata jibu hilo hawakuamini, na baadaye wazazi wao hawakuamini, mpaka tulipojenga tangi.

Lakini wakati wa kuandikisha darasa la kwanza wazazi wengi hawakuwa na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Njia iliyotumika ilikuwa ile ya kumwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, akilifikia, amekua. Njia hiyo huwaonea wenye mikono mifupi. Basi mzazi akisema, "Mwalimu, huyu alizaliwa usiku ule wa mvua ya mawe iliyoezua ghala la ushirika," mimi nilifungua daftari, nikatafuta usiku wenyewe, nikampelekea mke wangu. Naye mara nyingi hakufungua rejesta yake. Alifumba macho kidogo, akasema, "Ndiyo. Mama yake alifika na toroli, taa ya chemli ikazimika." Tarehe yangu na kumbukumbu yake zikipatana, niliandika. Hata baada ya kustaafu, watu wazima wenye mvi wamekuja nyumbani kutafuta tarehe zao ili wapate vyeti vya kuzaliwa au vitambulisho vya taifa. Madaftari yangu sasa ni 14. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, zilizobomoa barabara na madaraja sehemu nyingi za nchi, zimejaza kurasa kwa wino uliochuruzika, kwa sababu niliandika nikiwa nimelowa.

Nyuki nilirithi kwa baba. Ninayo mizinga michache, mingi ya mbao, kwa kuwa kubandua magome huua mti na miti yenyewe imepungua. Nyuki na mvua huzungumza. Mtundu hutoa maua kabla ya mvua za kwanza, na anayejua kuutazama mtundu hahitaji kuniuliza mimi. Bao nacheza pia, na shemeji yangu, jioni, kwa kelele nyingi na ustadi mdogo.

Nimefika sasa kwenye jambo linalonisumbua, na pengine ndilo lililonifanya nishike kalamu. Yapata miaka minne mke wangu amepatwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza na chumvi, akatia mara mbili. Kisha majina ya wajukuu. Kisha akawa ananiuliza mtoto wetu wa pili yuko wapi, na kila nikimwambia huwa ndiyo mara ya kwanza anasikia. Siku hizi simwambii. Husema tu kwamba amelala. Daktari alitueleza kwamba dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haipo. Lililobaki ni utaratibu wa siku usiobadilika, uvumilivu na usalama.

Usalama ndio mzizi wa shauri letu. Usiku mke wangu huamka, huvaa sare yake nyeupe ya zamani, hutoka kwenda zahanati kwa kuwa anaamini kuna mzazi anayemsubiri. Na kwetu Tabora, kama ilivyo Shinyanga na Mwanza, wako vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Mwanamke mzee, peke yake, njiani, saa 8 za usiku, amevaa nguo nyeupe: sihitaji kumalizia. Binti yetu aliposikia alilia kwenye simu. Anataka tuhamie kwake Dodoma, na wadogo zake wanamuunga mkono.

Mimi sikukaa kimya. Niliomba nafasi kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, nikasimama kama nilivyokuwa nikisimama mbele ya darasa la saba, nikaeleza ugonjwa huu ni nini, unashika sehemu gani ya mwili, na kwamba si laana wala si uchawi. Niliwauliza: nani kati yenu hakupokewa na mikono ya mama huyu? Walionyoosha mkono walikuwa wazee wachache, na wahamiaji. Tangu siku hiyo amerudishwa nyumbani mara tano, mara mbili na vijana wa bodaboda. Mmoja alimwita "Mama mkunga", akampandisha polepole, na hakukubali nauli. Kitako changu cha kukataa kuhama kimekalia hapo. Dodoma angekuwa bibi asiyejulikana nyuma ya geti. Hapa hata akipotea, amepotea miongoni mwa watu aliowaona kabla mama zao hawajawaona.

Hata hivyo binti yangu ni mhasibu na hoja zake huzipanga kwa safu. Alisema, "Baba, una miaka 74. Mama akianguka usiku nawe mgongo ukikataa, nani atamwinua?" Hoja hiyo nimeigeuza pande zote wala sijaipatia jibu. Nilitaja kipimamvua, kwamba kituo kikihamishwa rekodi yake imekufa na nyingine huanza sifuri. Akanijibu kwamba mwaka mzima yeye hajaona mvua ikinyesha Juni. Ni kweli. Kwetu kuanzia Juni hadi Septemba daftari huwa na sifuri tupu, na mtoto wa darasa la tano, jirani yetu, ambaye nimemfundisha kusoma bilauri, anaweza kuziandika sifuri hizo bila msaada.

Basi shauri lililo mezani ni hili: tukae Dodoma miezi ya kiangazi, turudi kabla ya mvua. Nimemwandikia binti masharti yangu. Pawe na mtu wa kulala chumba kimoja na mama yake. Pasiwe na mlango wa kumfungia. Kila asubuhi atembezwe mahali penye watoto wadogo. Masharti yote ameyakubali upesi mno, na hilo limenitia wasiwasi kidogo.

Juzi, watoto wote wakiwa kwenye simu moja, nilimuuliza mama yao mwenyewe kama angependa kusafiri. Alifikiri kwa utulivu kabisa, akasema haiwezekani, wiki hii yuko zamu.

Nauli ya watu wawili imekwisha kutumwa. Imo humo kwenye simu, sijaitoa.