Injini Kuukuu, Mali ya Mayatima



Wasomaji wetu wapenzi, juma hili twaomba ruhusa tuzungumze juu ya injini. Huenda mama msomaji akadhani kwamba maneno haya ni ya gereji na wanaume wake. Lakini pesa zinazoingia gereji hutoka nyumbani, na katika nyumba nyingi za mwambao wetu hutoka katika jasho la mama. Mwenye pesa ana haki ya kujua zinakokwenda.

Dada yetu, mjane aishiye Msambweni, ana pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1994, yenye injini ya dizeli ya aina ya 3L. Shemeji yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliiacha pamoja na watoto watatu wadogo. Mirathi ilipogawanywa, dada yetu alipata thumni yake, yaani sehemu moja kwa nane, na kilichobaki kikawa cha watoto, mwana wa kiume akipata mara mbili ya wa kike. Pikapu haikuuzwa. Iliachwa ifanye kazi kwa manufaa ya wote, naye marehemu alikuwa amemuusia mkewe awe msimamizi wa mali ya wanawe. Basi katika kila nati ya gari lile, sehemu saba kwa nane ni za mayatima.

Kazi ya gari hili ni kubeba nazi na maembe kutoka mashamba ya Kwale hadi soko la Kongowea, mara mbili kwa juma. Mwaka huu likaanza kudhoofika. Asubuhi likawa gumu kuwaka, likitoa moshi wa buluu, na oili ikawa yapungua bila kuonekana inakovujia. Siku moja, katika foleni ya kivuko cha Likoni, maji yakachemka na mzigo ukashinda njiani hadi jioni.

Ndugu zetu wakakutana barazani, na rai zikawa mbili. Wengi wao walisema injini itolewe, itiwe nyingine ya mtumba, katika zile ziletwazo kutoka Japani. Mfanyabiashara mmoja mjini alitaja shilingi 150,000, na kuifunga garini shilingi 15,000. Siku mbili gari liwe barabarani. Rai ya pili ilikuwa ya fundi wa pale kijijini: injini ifunguliwe na kutengenezwa upya, kazi ambayo mafundi huiita ovaholi. Yeye alikadiria shilingi 95,000 na wiki mbili za kungoja.

Kwa juu juu, yaonekana ni suala la bei na haraka. Sisi twaona kwamba kabla ya bei kuna suala la ujuzi: katika njia hizi mbili, ni ipi inayomwezesha mwenye mali kujua anachokilipia?

Dada yetu alikwenda mwenyewe kwa yule mfanyabiashara, nasi tukamfuata. Injini ilikuwa imepakwa rangi, yang'aa kama sinia la harusi. Dada yetu akauliza, "Mwanangu, nitaweza kusikia ikinguruma ikiwa baridi kabla sijatoa pesa?" Akajibiwa kwamba haikuwekwa juu ya gari, haiwezi kuwashwa. Akauliza tena, "Nikiifunga kisha nikakuta imekufa ndani?" Akajibiwa, "Mama, hapa mali ikitoka hairudi." Dada yetu akashukuru kwa adabu, akatoka.

Hapa sheria yetu ina neno. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani akakuta unyevu uliofichwa chini ya kikavu. Muuzaji akasema ni mvua iliyokinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha akakataza ghushi kwa maneno makali. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yetu sisi watu wa pwani, mnunuzi akikuta kasoro ya zamani iliyokuwa kwa muuzaji ana hiari ya kurudisha. Kauli iliyo na nguvu zaidi katika madhehebu ni kwamba muuzaji akijivua na kila kasoro, hujivua tu na kasoro ya ndani ya mnyama aliye hai ambayo hakuijua. Injini si mnyama. Basi lile neno la "hairudi" halimnyang'anyi mnunuzi haki yake mbele ya Mola, ijapokuwa huweza kumchosha kuifuatilia. Na mtu mzima aweza kuchagua kujichosha kwa mali yake. Kwa mali ya yatima, kununua mbuzi ndani ya gunia ni jambo jingine.

Twasema haya bila ya kuwatia doa wauzaji wote. Wapo wanaomcha Mungu, watakaoiwasha injini mbele yako na kukuandikia muda wa dhamana. Ukimpata wa namna hiyo, nenda mapema kabla hajakutarajia, kwani injini iliyopashwa moto huficha ugumu wa kuwaka. Fungua kifuniko cha oili ikiwa yanguruma, utazame kama inapumua moshi kwa nguvu. Tena ukumbuke kwamba nambari ya injini imeandikwa katika logibuku. Ukibadilisha injini, yakupasa kuiarifu NTSA ili nambari mpya iandikwe, na kwa hivyo udai hati za ile unayoinunua zionyeshe ilikotoka. Injini isiyo na nasaba huweza kuwa ya wizi.

Kurudi kwa fundi wa kijijini, dada yetu hakumwambia "fungua." Alimwambia "pima kwanza." Injini ya dizeli haiwaki kwa cheche, huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa na pistoni. Hewa ikivuja, joto hupungua, na hiyo ndiyo sababu ya kusumbua asubuhi. Kipimo kikatiwa katika kila silinda. Ya kwanza, ya tatu na ya nne zilisoma karibu na paundi 400 kwa kila inchi ya mraba. Ya pili ilisoma 250. Ikajulikana kwamba ugonjwa u mahali pamoja.

Injini ikafunguliwa yeye akiwapo, ameketi juu ya kigoda na daftari mkononi. Katika silinda ya pili ringi zilikuwa zimekatika na kuikwaruza slivu. Hedi ikazibwa matundu, ikatiwa upepo na kuzamishwa majini. Haikutoa kipovu hata kimoja, maana yake haikupasuka ilipochemka. Bloku ilikuwa nzima. Kranki ilipopimwa ikaonekana imelika kidogo, ikasagwa robo ya milimita na kununuliwa beringi nene zaidi kwa kiasi hicho.

Lau bloku ingekuwa na ufa, au kranki ingekuwa imekwisha kusagwa hadi kikomo chake, tungekuwa wa kwanza kumwambia aachane nayo akatafute nyingine. Hapo ovaholi ni kumvisha maiti kanzu mpya. Kwa hiyo hatusemi kwamba kutengeneza ni bora daima kuliko kubadilisha. Twasema kwamba kasoro uliyoiona kwa macho yako, ukaipima na kuijua bei ya dawa yake, ni nafuu kuliko uzima unaoambiwa tu.

Ndugu zetu walikuwa na hoja moja yenye uzito: wiki mbili bila gari ni hasara. Dada yetu aliipiga hesabu. Kukodi pikapu ya jirani kulikuwa shilingi 6,000 kwa safari, na safari nne ni shilingi 24,000. Kazi ya fundi, kwa ajili ya kusaga kranki, ilifika shilingi 102,000. Jumla 126,000, dhidi ya 165,000 za injini asiyoijua. Mmoja wa ndugu zetu alitaka kuamua kwa niaba yake, akisema mwanamke hajui mambo ya injini. Tukamkumbusha kwamba mirathi ilimtambua dada huyu kuwa mmiliki, na wasia ulimfanya msimamizi. Wetu sisi kaka zake ni ushauri na kumsindikiza. Uamuzi ni wake. Ajuza wetu walikuwa na majahazi na mashamba kwa majina yao, na hawakuwa maseremala wala wakulima wa jembe. Walijua kuuliza.

Ovaholi nayo ina mahali pake pa ghushi, na yafaa mama msomaji apajue. Vipuri bandia ni vingi. Enda na fundi dukani, au mtume kijana unayemwamini, na risiti iwe kwa jina lako. Vipuri vilivyotolewa urudishiwe vyote, kwani ringi iliyokatika ni ushahidi. Malipo yagawanywe: cha vipuri kwanza, cha ufundi gari likishapimwa tena na kila silinda kusoma sawa. Na likitoka, kwa kilomita 1,000 za mwanzo lisipewe mzigo mzito wala kukimbizwa, kisha oili imwagwe na kutiwa mpya, maana vyuma vipya husagana na unga wake hubaki ndani.

Dada yetu sasa ameanza ukurasa mpya katika lile daftari. Ameandika tarehe ya ovaholi, nambari ya injini iliyo katika logibuku, kipimo cha kila silinda, gharama hadi shilingi ya mwisho, na siku ya kubadilisha oili. Tulipomuuliza ni kwa ajili ya nini kuandika yote haya, alijibu, "Kaka, mkubwa wao ana miaka kumi na mitatu. Karibu atabaleghe, na akishapevuka akili nitamkabidhi haki yake pamoja na karatasi hizi." Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya yatima ikipotea bila habari, wa kuulizwa yupo.

Twamuomba Mola awape akina mama wetu wasimamizi nguvu na busara, na awajaalie mafundi na wauzaji wetu ukweli. Wabillahi tawfiq.