Dada kanunua nyumba Norwei, mama kauliza: atarudi lini?

Mama yangu si mtu wa maneno mengi. Siku dada alipoturushia picha ya nyumba yake mpya, mwaka 2021, nyumba nyeupe ya mbao yenye mlango mwekundu, sisi wote kwenye kundi la familia tulimwaga vigelegele. Mama alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaandika: "Nzuri. Sasa atarudi lini?"

Kwa hiyo nilipopata likizo mwishoni mwa Aprili 2024 nilisafiri na kazi mbili. Ya kwanza, kupumzika. Ya pili nilipewa na mama kule Moshi: "Nenda ukaniangalizie. Picha ninazo. Niletee habari." Akanipakilia kilo mbili za kahawa ya shambani na gauni la kitenge alilomshonea dada. Vipimo? Alikadiria tu kwa kumtazama kwenye simu.

KIGAMBONI YA OSLO

Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Oslo, lazima ubadilishe njiani. Nilipotua nilidhani nimefika, kumbe bado. Dada anaishi Nesodden, rasi iliyo ng'ambo ya maji, mkabala na jiji. Unapanda pantoni pale Aker Brygge, na kabla ya nusu saa uko Nesoddtangen.

Ndiyo, mpenzi msomaji, ni Kigamboni yao hiyo. Watu wanafanya kazi mjini, wanalala ng'ambo. Tofauti yake? Pantoni inaendeshwa kwa umeme, hivyo hata mngurumo husikii. Hakuna muuza korosho, hakuna mhubiri, hakuna wa kukukanyaga. Kila mtu kakaa dirishani kwake, kiti cha jirani kakiachia begi. Nilimsalimia mama mmoja, akashtuka kama nimemwomba nauli.

Shemeji, ambaye ni Mnorwei, alikuwa ananisubiri gatini na binti yao wa miaka minane. Mtoto akanikumbatia. "Mama mdogo, vua viatu ukifika!" Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya nyumba ya Kinorwei, na haina msamaha.

Nyumba yenyewe ni ya miaka ya 1950, ya mbao tupu, ipo mtelemkoni. Ukitazama kilima kizima unaona nyumba nyekundu, nyeupe na za manjano. Shemeji alinieleza kwamba zamani rangi nyekundu ndiyo iliyokuwa rahisi, na nyeupe ilikuwa ghali. Aliyepaka nyeupe alikuwa anawaambia majirani kitu. Nikacheka. Hata kwetu wapo wanaopaka rangi ukuta wa mbele tu, ule unaotazama barabara.

MNADA WA KWENYE SIMU

Wenzetu hawajengi kama sisi. Sisi unanunua kiwanja, unapanda msingi, unasubiri bonasi, unaongeza tofali. Mimi na mume wangu tuna msingi wetu Kibaha, sasa hivi umeota majani hadi mbuzi wa jirani wanautegemea. Norwei karibu watu wanane kati ya kumi wanaishi kwenye nyumba inayomilikiwa na kaya yao, na wengi wameinunua ikiwa imekamilika, kwa mkopo wa benki wa miaka mingi.

Lakini usidhani ni mteremko. Wakati dada ananunua, mnunuzi alitakiwa awe na asilimia 15 ya bei kutoka mfukoni mwake (tangu mwisho wa 2024 imeshushwa hadi 10). Halafu kuna ushuru wa serikali wa kuandikisha umiliki, asilimia 2.5. Piga hesabu: nyumba ya kroner milioni 5, unatoa 750,000 zako, kisha 125,000 za ushuru. Hapo hujanunua hata pazia.

Kisha unaingia kwenye budrunde, yaani mnada. Dalali anaitangaza nyumba, watu wanakuja kuitazama, wanazunguka na soksi zao kimya kimya, na siku inayofuata dau zinaanza kutumwa kwa simu. Kila dau lina muda wake wa kuisha, pengine nusu saa tu. Na ukishatuma, limekufunga: muuzaji akikubali, umenunua. Hakuna "ngoja nimuulize mke wangu".

Dada na shemeji walishindwa mara mbili. Mara ya tatu walikuwa ndani ya gari, nje ya shule ya chekechea. Shemeji ana simu, dada ana kalamu na karatasi ya hesabu. "Nilimwambia tuongeze mara ya mwisho," dada alinisimulia. "Akaniuliza, na tukishinda? Jamani, ndipo nilipoogopa."

Wakashinda. Wakati huo riba ya Benki Kuu ya Norwei ilikuwa sifuri. Mikopo mingi ya nyumba kule riba yake inapanda na kushuka, na kufikia Desemba 2023 riba ya benki kuu ilikuwa imepanda hadi asilimia 4.5. Marejesho ya kila mwezi yakapanda nayo, nyumba haikuongezeka hata choo.

JUMAPILI SI YA KULALA

Jumapili yangu ya kwanza nilitegemea chai ya taratibu. Saa tatu asubuhi shemeji yuko mlangoni, begi mgongoni. Nje kuna manyunyu. Nikasema mvua. Akanijibu kwa msemo wa kwao: hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu.

Matembezi hayo wanayaita tur, na wanayachukulia kama sisi tunavyochukulia kanisa. Tangu mwaka 1957 ipo sheria inayomruhusu mtu yeyote kupita kwenye misitu na milima, hata kama ardhi ina mwenyewe. Unaweza hata kupiga hema, mradi uwe mita 150 kutoka kwenye nyumba ya mtu. Mashamba ya watu huyaingilii, na uchafu wako unarudi nao. Mimi niliyekulia kwenye kihamba, ambako kila mgomba una mwenyewe na kila mpaka una kesi, nilishangaa kweli.

Tulitembea saa mbili. Tulipokaa kwenye gogo yakatoka machungwa, mikate ya kufungwa, jibini ya kahawia na chokoleti ya Kvikk Lunsj, ambayo imekuwa ikiuzwa kule tangu 1937. Na ajabu, watu walewale wasiosalimiana kwenye pantoni, msituni wanasalimiana!

Ila niliona kitu kingine. Dada anatembea mbele na mtoto, shemeji nyuma peke yake. Wakifika penye matope anamshika mkono, wakivuka anauachia. Nikajiambia, hapa pana jambo.

NYUMBA ZINAZOHAMA

Katikati ya wiki dada alichukua ruhusa kazini tukaenda Bygdøy, upande wa magharibi wa Oslo. Huko kuna jumba la makumbusho la utamaduni, Norsk Folkemuseum, lililoanzishwa 1894. Sehemu kubwa ipo nje: nyumba za zamani kama 160 zilizoletwa kutoka pande zote za nchi. Zilibomolewa gogo kwa gogo, zikasafirishwa na kujengwa upya. Kuna za paa la udongo lenye nyasi juu, maghala yaliyoinuliwa kwenye nguzo ili panya wasipande, na kanisa la mbao la Gol, la karibu mwaka 1200, lililohamishiwa pale miaka ya 1880.

Ndani ya kanisa mnanukia lami na moshi. Dada akagusa nguzo, akasema taratibu, "Wenzangu walihama na nyumba zao. Ya kwangu haihami, mdogo wangu. Na inavuja."

Tukakaa nje kwenye benchi, akaniambia yote. Vuli iliyopita maji yaliingia kwenye chumba cha chini. Ukuta ukalowa, ukungu mweusi ukapanda hadi kwenye kabati la mtoto. Mtaalamu akasema mifereji iliyofukiwa kuzunguka nyumba imekufa: lazima kuchimba hadi chini ya msingi, kuweka bomba jipya na kokoto. Gharama yake hakutaka hata kuitaja.

"Nikatoa zile," akasema.

Zile. Nilizijua. Fedha za mabati ya mama. Nyumba ya Moshi ilikuwa imesimama kuta, inasubiri paa, na mama alikuwa ameshawaambia wanawake wenzake wa kanisani. Tangu Oktoba dada alikuwa anamjibu kwamba benki ina matatizo.

"Na shemeji?"

"Yeye hakuniambia nitoe. Alisema tusubiri, atachimba mwenyewe kidogo kidogo. Nami nikasema mtoto wangu hawezi kulala na ukungu. Sasa namlaumu yeye kwa kitu nilichofanya mimi."

Kisha akanishika mkono. "Usimwambie mama."

Hebu nambie msomaji, wewe ungefanyaje? Mimi nilitumwa habari.

MSARAGAMBO WA KIZUNGU

Jumamosi ya kabla ya sikukuu yao kubwa, barabara yote ilitoka na reki na sepetu. Hiyo ni dugnad: majirani wanafanya kazi ya pamoja bila malipo, wanazoa majani ya baridi iliyopita, wanaziba mashimo, halafu kahawa na maandazi. Mwaka 2004 kipindi kimoja cha televisheni kiliwaomba Wanorwei wachague neno la taifa, wakachagua hilo. Mimi nilikuwa na neno langu tayari. Kwetu Kilimanjaro tunaita msaragambo.

Pembeni ya nyumba ya dada mtaro ulikuwa wazi. Mtambo wa kukodi ulishachimba na bomba limelala, lakini fedha ziliishia hapo. Tani za kokoto zilikaa kwenye lundo, na shemeji alikuwa anazijaza peke yake kila jioni baada ya kazi. Kumwomba jirani hakutaka. Dugnad, alinieleza, ni ya barabara ya wote, si ya shimo la mtu.

Mzee mmoja wa nyumba ya juu akasimama ukingoni na kikombe chake, akachungulia. Akauliza swali moja kwa Kinorwei. Shemeji akawa mwekundu hadi masikioni.

"Kasemaje?" nikamuuliza dada.

"Kauliza, kwa nini hamkusema?"

Saa nane mchana watu watano walikuwa mtaroni na matoroli mawili. Mimi nilivaa mabuti ya mvua ya dada, nikabeba kokoto hadi mikono ikatoa malengelenge. Dada akaingia jikoni akapika pilau, sufuria ile kubwa. Usiku walipoondoka mtaro ulikuwa umejaa upande mzima. Nilipopita ukumbini nikawaona wawili wamekaa sakafuni, migongo ukutani, nguo bado za kazi. Walikuwa wanacheka kitu. Nikaenda kulala.

KUMI NA SABA MEI

Tarehe 17 Mei 1814, kule Eidsvoll, Wanorwei walisaini katiba yao baada ya karne nyingi chini ya Denmaki. Uhuru kamili kutoka kwenye muungano na Uswidi waliupata baadaye, 1905, lakini sikukuu ya moyo ni hii. Na haiongozwi na vifaru wala mizinga. Wanaoandamana ni watoto, shule kwa shule, na bendi na bendera ndogo. Katikati ya Oslo wanapita mbele ya kasri, familia ya mfalme inawapungia kutoka barazani. Siku hiyo mtoto anakula aiskrimu na soseji hadi atakaposhindwa mwenyewe.

Wanawake wanavaa bunad, vazi la asili la mkoa wao lenye taraza na vifungo vya fedha. Ni ghali mno, wengi wanalipata wakati wa kipaimara na kulitunza maisha yote. Mtoto alivaa la kwake, alilopewa na bibi yake wa Kinorwei. Dada hana. Kila mwaka alikuwa anavaa koti jeusi na kusimama nyuma.

Mwaka huu alishuka ngazi na kitenge cha mama. Kilimkaa kama alipimwa jana. Shemeji akamtazama, akabandua utepe wa rangi za bendera kwenye koti lake, akambandikia yeye kifuani.

Jioni, miguu ikiwa inauma, dada akachukua simu. Sikumwambia chochote, naapa. Akampigia mama kwa video, akamwonyesha gauni, kisha akavuta pumzi na kusema yote: ukungu, mtaro, mabati, uongo wa benki. Shemeji alikaa pembeni yake, haelewi maneno yote lakini anaelewa kinachosemwa.

Mama alinyamaza. Zile siku mbili za kimya zikanirudia.

"Maji yamekoma?" akauliza.

"Yamekoma, mama."

"Nani alichimba?"

Dada akamweleza kuhusu mzee wa juu, majirani, matoroli. Mama akasogeza uso karibu na simu, tukaona paji la uso tu. "Na wewe ulikaa miezi yote hiyo hukusema? Mfongo ukibomoka mtu hajifichi, anapiga yowe watu waje. Sisi tumekufundisha nini?" Mfongo ni ule mfereji wetu wa kuleta maji kutoka mlimani, ambao ukoo mzima unautunza kwa zamu.

Dada analia. Mama akaendelea, "Mabati yatasubiri, hayaozi. Lakini uongo usinifanyie tena. Sasa mwambie mkwe wangu, mfongo wa juu nao umebomoka, na vijana wote wako Dar. Kama anajua kuchimba, namtaka Desemba."

Dada akatafsiri. Shemeji akafikiri kidogo, akamwomba amuulize mama swali moja: sepetu ziko huko, au aje na yake?