Safari ya Amani kwa Ajili ya Ua Moja

Watu wengi huandika habari za safari zao kwa kuwa wamevuka bahari au wameona miji mikubwa. Hii yetu ilikuwa ya kutoka Tanga kwenda Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki, mwendo usiotimiza nusu ya siku. Na sababu yake ilikuwa chungu kimoja cha maua.

Miaka miwili iliyopita binti yetu aliolewa akahamia Maskati. Kabla ya kuondoka alimletea mama yake okidi yenye maua meupe, ya namna ile inayouzwa katika maduka ya mijini, ambayo wenye elimu ya mimea huiita Phalaenopsis. Akaiweka dirishani, akasema, "Mama, hii ikutazame badala yangu." Basi Mama akaipenda mapenzi makubwa. Kila siku baada ya Sala ya Alfajiri aliitilia maji, na jioni, akimkumbuka mtoto, aliitilia tena. Maua yalikaa kiasi cha miezi miwili, kisha yakapukutika, kama ilivyo desturi yake. Lakini baada ya hapo majani nayo yakaanza kulegea na kukunjamana mfano wa ngozi ya mkono wa mzee. Moja likageuka manjano, likafuata la pili. Mama alidhani ni kiu, akazidisha maji. Jirani akatushauri tuihamishe kutoka katika kopo lake la plastiki, tuipande katika chungu kizuri chenye udongo mweusi na samadi, nasi tukafanya hivyo. Mwisho yakabaki majani matatu, na chungu kikaanza kutoa uvundo.

Sisi tulitaka kuitupa. Mama akakataa katakata. "Nitamwambia nini akiniuliza?" alisema. Na kweli, kila binti alipopiga simu ya picha na kutaka kuliona ua lake, tulimwona Mama akiigeuza simu upande wa ukutani, huku akizungumza khabari nyingine. Hapo ndipo tulipofahamu ya kuwa jambo hili si dogo kama tulivyolidhania. Tukasikia kwa ndugu yetu mmoja wa Muheza kwamba katika msitu wa Amani okidi humea zenyewe juu ya miti, na wako vijana wanaozijua. Tukanuia safari.

Tuliondoka asubuhi, Mama amekipakata chungu, amekifunika kwa khanga. Tulipita mashamba ya mkonge, tukafika Muheza, mji wa machungwa, na hapo tukaiacha barabara kuu tukashika njia ya milimani. Chini ya milima hiyo ndipo palipo Zigi, mahali ambapo zamani za Wajerumani palikuwa na kituo cha reli. Mto Zigi wapita huko, na maji yake huteremka hata bwawa la Mabayani, ambako ndiko Tanga ipatako maji yake ya mifereji. Tulimwambia Mama kwa mzaha kwamba maji aliyokuwa akiimwagia okidi yake yalitoka huku huku ilikokwenda kutafutiwa dawa.

Kutoka hapo gari lilipanda kwa kuzunguka zunguka. Joto la pwani likatuacha, ukungu ukaanza kutupokea. Kando ya njia twaona iliki zimepandwa chini ya kivuli cha miti mikubwa, na midalasini, na mikarafuu, na pilipili manga zimejiviringisha juu ya vigogo. Kisha mashamba ya chai, ya kijani kama zulia lililotandikwa juu ya vilima. Amani ni pahala pa elimu tangu zamani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko chuo cha uchunguzi wa mimea pamoja na bustani iliyopandwa miti ya nchi nyingi, na mwaka 1997 msitu wake ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia, yenye eneo la zaidi ya hekta 8,000. Tena ni katika milima hii ya Usambara ndipo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipoliona, mwaka 1892, lile ua dogo la rangi ya zambarau liitwalo Saintpaulia kwa jina lake, ambalo leo hupandwa madirishani duniani kote. Basi milima hii ilikwisha kuipa dunia ua moja la nyumbani. Sisi tulikuja kuiomba ituokolee jingine.

Tulipokewa na kijana mmoja anayeongoza wageni msituni. Alituamkia, "Shikamoo mzee, shikamoo mama," kisha akafunua khanga, akakitazama chungu kwa muda, asiseme neno. Akatuomba tukiache barazani tumfuate. Ndani ya msitu alisimama chini ya mti mrefu, akanyoosha kidole juu. Penye panda la tawi tuliona kichaka cha okidi, mizizi yake ya rangi ya fedha imelikumbatia gome, na mingine yaning'inia hewani.

"Mama, unaona udongo pale?" aliuliza.

"Sioni, mwanangu."

"Na mti je, waonekana kuumwa?"

Mti ulikuwa mzima kabisa. Sisi siku zote tulidhani ya kuwa kila kiotacho juu ya mti ni kirukia kinachounyonya. Akatueleza kuwa okidi za namna hii haziunyonyi mti hata kidogo. Zimeupanda ili zipate mwangaza, kama mtu anayepanda juu ya paa apate upepo. Mizizi yake imevikwa ngozi nene yenye vijitundu mfano wa sifongo. Mvua ikinyesha, ngozi hiyo huyanywa maji upesi na mzizi hugeuka kijani. Mvua ikiisha, upepo hupita, mzizi ukakauka ukarudia rangi yake ya fedha. Hivyo ndivyo inavyoishi: hunywa, kisha hupumua. Akatuambia kwamba katika Afrika ya Mashariki kuna okidi za jamii ya Microcoelia ambazo hazina majani, ni mizizi mitupu, na mizizi hiyo ndiyo inayonywa maji na kutengeneza chakula kwa mwangaza wa jua. Phalaenopsis ya Mama kwao ni mbali, katika misitu ya Asia ya Kusini Mashariki, na jina lake, alilolitoa mwanachuoni Carl Blume mwaka 1825, maana yake ni kufanana na nondo; lakini maisha yake huko ni yale yale ya kukaa juu ya miti.

Tuliporudi njiani tulikuta tawi limeanguka, na juu yake okidi ndogo ingali hai. Mama akainama kuiokota aende nayo. Kijana akamzuia kwa adabu. Mbegu ya okidi, alisema, ni kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani yake. Msituni haioti ila ikutane na kuvu wa kuilisha, na mche huchukua miaka mpaka utoe ua. Kwa sababu hiyo msitu ukiporwa hauwahi kujaza pengo, na mkataba wa mataifa wa mwaka 1973, uitwao CITES, umeziwekea okidi zote mipaka ya biashara. Hizi za madukani huzalishwa na wakulima, khasa tangu Mmarekani Lewis Knudson alipoonyesha mwaka 1922 kwamba mbegu zaweza kuoteshwa ndani ya chupa kwa chakula chenye sukari, bila ya kuvu. Akaliinua lile tawi, akalikita katika panda la mti wa jirani, tukaendelea.

Barazani aliing'oa okidi yetu, akaiosha mizizi. Karibu yote ilikuwa ya rangi ya kahawia, laini, ukiiminya hutoa maji na kubaki uzi tu. Mitatu peke yake ilikuwa migumu. Akaupitisha mkasi katika moto, akaanza kukata. Mama aligeuza uso. "Iliyooza haikusaidii, Mama," alisema, "nayo itauambukiza mzima." Penye majeraha alipaka unga wa mdalasini, akiangalia usienee katika mizizi mizima. Kisha akaipanda katika kopo lililotobolewa matundu mengi, ndani yake vipande vya magome makavu, mkaa na makumbi ya nazi yaliyorowekwa katika maji baridi na kusuuzwa mara kadhaa, maana makumbi ya pwani huwa na chumvi. Akasema isitiwe maji kwa siku tatu.

"Siku tatu!" Mama alishtuka. "Nimnyime maji mgonjwa?"

"Mama, ana kiu kwa sababu amezama. Mizizi ya kunywea imeoza."

Mama alinyamaza njia nzima ya kurudi Muheza. Baadaye alisema polepole, "Kumbe nilikuwa nikimwagilia hamu yangu."

Kwa faida ya wasomaji twaeleza tuliyofundishwa. Kopo liwe na matundu, na maji yasituame katika kisahani. Kabla ya kutia maji itazamwe mizizi: ikiwa ya kijani, ngoja, ikiwa ya fedha, tia maji mengi yapite, asubuhi, kisha yachuruzike yote. Kwetu huwa mara moja kwa juma, au mara mbili wakati wa kaskazi. Maji yasikae katikati ya majani, maana huko ndiko uozo uuapo mmea wote. Ikae dirisha la mashariki, au nyuma ya pazia jepesi, penye upepo. Jani likiwa kijani kizito sana mwangaza ni mdogo, likiwa na wekundu jua limezidi. Mbolea iwe hafifu, nayo isitiwe mpaka mizizi mipya itoke. Vijidudu vyeupe mfano wa pamba hupanguswa kwa pamba yenye spiriti. Jani moja la chini likigeuka manjano peke yake ni uzee tu. Na ili itoe shina la maua hutaka majuma kadhaa ya hali ya baridi kidogo, chini ya nyuzi 25 hivi. Kwa hiyo sisi watu wa pwani tungoje kipupwe, na ikichelewa tusiilaumu.

Miezi minne imepita. Majani ya zamani yamebaki mawili, lakini katikati limechomoza jani jipya, na ubavuni mzizi mnene wenye ncha ya kijani. Ua halijatoka mpaka tuandikapo haya. Juma lililopita binti alipiga simu, na Mama, bila ya kuombwa, aliielekeza simu dirishani. Binti alikaa kimya, kisha akauliza, "Mama, mbona limekonda hivi?" Mama akamweleza yote, tangu maji ya alfajiri hata mkasi wa Amani, wakacheka pamoja mpaka mmoja wao akalia, ni yupi, hatutasema.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuvitunza alivyotuamini navyo kwa mapenzi na kwa elimu pamoja. Amin.