Marangu: Mayai yapanda mlimani, nyumbani chai ya rangi!

Mpenzi msomaji, kama hujawahi kuamka saa kumi alfajiri Marangu mwezi wa Julai, usimcheke mtu anayelala na soksi. Mimi mtoto wa Dar, niliyezoea kulalia shuka moja na feni juu, nilivaa soksi jozi mbili na sweta la binamu yangu, na bado meno yalikuwa yanagongana.

Lakini kilichoniamsha siku hiyo sio baridi. Ilikuwa harufu ya moshi wa matawi makavu ya mibuni, halafu ule mlio wa shiii, kitu kikimwagwa kwenye kikaango cha moto. Nikajua shangazi keshaanza. Na nikakumbuka kwamba asubuhi ile haikuwa ya mzaha. Binamu alikuwa anakwenda mlimani kubeba mizigo ya wageni kwa mara ya pili. Mara ya kwanza alishindwa.

Ngoja nianzie mwanzo.

Nilifika Moshi mjini nimechoka na safari ya basi, begi moja mgongoni. Mji wenyewe bomba: mitaa misafi, mnara wa saa palepale pake, na ukiinua macho, Kilimanjaro imejifunika mawingu kama bibi harusi anayeringa. Stendi nikadandia Haisi ya Marangu. Tukapita Kiboriloni, Uchira, tukafika Himo, hapo gari likakata kushoto na kuanza kupanda. Joto likabaki chini, migomba ikaanza, na mimi nikaanza kutafuta sweta ambalo sikuwa nalo.

Ndani ya begi langu kulikuwa na kitu nilichokuwa naringia: kopo la unga wa protini. Si mnajua vijana wa mjini siku hizi? Washikaji wote mtaani kwetu wananyanyua vyuma, kila mmoja na kopo lake. Na mimi nikajipiga kifua, nikatoa shilingi elfu 90 kwa kopo dogo, la vijiko 15. Mwezi huo kodi ya chumba nililipa kwa kubembeleza.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Mbona umekonda? Huko Dar hakuna ndizi?"

Hapo nimetoka kunyanyua vyuma miezi minne!

Asubuhi ya kwanza nikaamka na njaa ya safari. Mezani nikakuta chai ya rangi na andazi moja kila mtu. Sikusema kitu, mgeni hachagui. Lakini macho hayana pazia. Nyuma ya nyumba nilikuwa nimeona ng'ombe wawili zizini, na kuku wengi tu, wa kienyeji na chotara, wakichakura chini ya migomba. Sasa maziwa yako wapi? Mayai yako wapi?

Jibu likaja na pikipiki. Jamaa akasimama getini, shangazi akampa trei zima la mayai 30, akahesabiwa pesa yake, 400 kwa yai. Jamaa akaondoka taratibu, kama amepakia glasi. Maziwa nayo yalikuwa yameshakwenda kituoni tangu alfajiri.

"Yanakwenda wapi hayo mayai?" nikamuuliza binamu.

"Hotelini. Mengine mlimani." Akacheka kidogo. "Mwaka jana niliyabeba mimi mwenyewe. Sijui, labda yalikuwa ya kuku wetu hawahawa."

Basi akanisimulia. Mgeni akilala Mandara, mita 2,720, asubuhi mpishi wa mlima anamwandalia uji, mayai, soseji, mkate wa kubanika, matunda, na pankeki nyembamba laini zenye asali. Wafaransa wanaziita crêpe, sisi tunaziita chapati za maji, kitu ni kilekile. Wagumu, ndio wabeba mizigo wenyewe wanavyojiita, wao ni ugali na maharage au dagaa, na siku nyingine mlo wa maana ni mmoja.

Binamu aliondoka nyumbani na chai ya rangi na andazi. Siku ya pili, kati ya Mandara na Horombo, magoti yakagoma. Akakaa chini na mzigo wake, akashindwa kusimama. Wenzake wakagawana mzigo, yeye akarudishwa. Kijijini wakampa jina la utani ambalo siwezi kuliandika hapa, na kampuni iliyomchukua haikumwita tena.

Nisikudanganye, msomaji: kule juu kuna ugonjwa wa mwinuko unaoangusha hata mwanariadha aliyeshiba vizuri, na dawa yake ni kupanda polepole na kushuka haraka ukizidiwa. Sio chapati. Lakini binamu hakuumwa kichwa wala kutapika. Miezi kadhaa alikuwa anaishi kwa chai, na mwili ukamdai siku ileile.

Sasa kampuni nyingine ilikuwa imemwahidi nafasi. Siku kumi zilibaki. Mimi, mtaalamu kutoka mjini, nikaenda kuleta kopo langu kwa madaha.

Shangazi akaligeuza geuza. "Bei gani?"

Nikamwambia. Akanyamaza. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole, maana mama huyu anafanya hesabu za mayai usingizini. "Elfu 90 gawanya kwa 400... Baba, hayo ni mayai 225. Trei saba na nusu!"

Na hesabu haikuishia hapo. Kopo lenyewe linasema kila kijiko kina gramu 24 za protini, kwa hiyo vijiko 15 ni gramu 360. Yai moja lina kama gramu 6. Mayai 225 ni gramu 1,350. Karibu mara nne! Binamu alicheka mpaka akashika mti. Mimi nikatafuta pa kuangalia, nikaangalia mlima.

Basi nikasema, shangazi, kama ni hivyo mbona hamli haya mayai? Hapo akaacha kucheka.

"Mwanangu, sabuni natoa wapi? Chumvi? Mdogo wenu yuko kidato cha tatu, michango ya shule naitoa kwenye kuku hawa. Kahawa inalipa mara moja kwa msimu. Maziwa na mayai ndiyo pesa yangu mimi mama."

Nikafunga mdomo. Huku uchagani ni jambo linalojulikana, maziwa ni mkono wa akina mama. Kule Nronga, Machame, walifika hadi kuanzisha ushirika wao wenyewe wa maziwa mwaka 1988. Hauwezi kutoka Dar na soksi mbili ukamfundisha mwanamke wa Kichagga matumizi ya pesa yake. Na usidhani hawajui chakula. Kiburu ni ndizi na maharage, kitawa ni ndizi zilizopondwa na mtindi. Wazee walikuwa wanakula protini kabla sijajua kuitamka. Lakini mtindi nao siku hizi unauzwa.

Tukakaa tukapatana. Mayai matatu kwa siku, siku kumi, hayo ni mayai 30. Nikamlipa shangazi bei ya mwenye pikipiki, shilingi 12,000, nyumba isipungukiwe. Kikombe kimoja cha maziwa akasema atatoa yeye. Na kwa kuwa mayai matatu ni machache kwa wanaume wawili, nikashuka Moshi, soko la Mbuyuni, nikanunua unga wa dengu, huu wa kupikia bajia. Unga huu ni silaha ya mnyonge: kwa uzito uleule una protini karibu mara mbili ya unga wa ngano, na bei yake haitishi.

Sasa chukua kalamu, maana hapa ndipo penye utamu. Nusu kikombe cha unga wa ngano, nusu kikombe cha unga wa dengu, mayai matatu, kikombe kimoja cha maziwa, chumvi kidogo. Maziwa ya kukamua nyumbani lazima uyachemshe kwanza, usilete ujanja, maziwa mabichi yana magonjwa. Halafu YAACHE YAPOE. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu siku ya kwanza niliyamimina ya moto juu ya mayai, yakagandana mabonge. Shangazi akachungulia bakuli: "Baba, umeshapika. Sasa unataka kikaango cha nini?"

Changanya unga na maziwa kidogokidogo mpaka mabonge yaishe, ndipo upige mayai uongeze. Uache utulie nusu saa, dengu linywe maji, la sivyo utasikia ladha ya unga mbichi. Ukiwa mzito ongeza maji, uwe kama uji mwepesi unaoteleza kwenye upawa. Kikaango kipate moto, ukipake mafuta kwa nusu kitunguu kilichochomekwa kwenye uma. Upawa mmoja, zungusha kikaango haraka, subiri kingo zinyanyuke, geuza. Ukitaka za chumvi tia kitunguu na pilipili hoho zilizokatwa ndogondogo. Ukitaka tamu, pakaza ndizi mbivu iliyopondwa, ukunje.

Hapo unapata kama chapati nane, na ndani yake gramu 40 na ushei za protini. Zile za kawaida za kikombe cha unga, maji na sukari zina gramu kama 12 tu kwa zote. Tuligawana nne nne, kila mtu gramu 20 hivi. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 kwa siku nzima. Kwa hiyo jua halijawaka, karibu nusu ya kazi imeisha, na maharage ya mchana na jioni yanamalizia.

Sio chakula peke yake. Kila siku binamu alikuwa anashuka chini kukata majani ya ng'ombe, anayapandisha kichwani. Siku ya tatu nikajitia kidume, nikabeba nusu ya mzigo wake. Nilifika nyumbani nusu saa nyuma yake. Miezi minne ya vyuma, bwana!

Siku ya kumi ndiyo alfajiri ile niliyoanza nayo. Shangazi hakutaka nishike kikaango. Alipika mwenyewe, akamwekea mwanae chapati sita sahanini, mimi mbili, na sikulalamika. Nyingine hakuna. Binamu alikula kimya, akachovya kwenye chai ya maziwa. Maziwa! Shangazi alikuwa amezuia nusu lita isiende kituoni, na hakuna aliyethubutu kulisema.

Nikamsindikiza hadi geti la Marangu. Pale mizigo inapimwa kwenye mizani, na kikomo cha mgumu ni kilo 20. Wakwake ulisoma 19 na nusu. Juu kabisa ya furushi, jamaa wa mbele yake alikuwa amefunga matrei ya mayai.

Nikamkumbuka yule Mjerumani, Hans Meyer, tunayemsoma shuleni. Kabla ya 1889 alijaribu mlima huu akashindwa. Mwaka huo alirudi na akili mpya: akaweka kambi juu, na wachukuzi wakawa wanampandishia chakula kutoka hapahapa Marangu. Oktoba 6, 1889, yeye na mwenzake Ludwig Purtscheller wakafika kileleni. Yaani tangu siku ya kwanza kilele kilifikiwa kwa chakula cha vihamba hivi. Vitabuni wamebaki Meyer na mwenzake. Chakula na waliokibeba, nani anauliza?

Binamu aliondoka Jumatatu. Siku zile shangazi hakusema lolote, ila kila jioni alikuwa anasimama nyuma ya zizi anaangalia juu, hata mlima ukiwa umefunikwa.

Jumamosi jioni akatokea. Midomo imepasuka kwa baridi, uso mweusi kwa jua, anatembea kwa miguu yake miwili. Mzigo wake ulikuwa umefika Kibo, mita 4,720, na haukubebwa na mtu mwingine hata hatua moja. Hakusema habari za kilele wala barafu. Alimwamkia mama yake, akatoa noti mfukoni, akamwekea mkononi.

"Ya nini hii?"

"Ya mayai, mama. Matatu kila siku, mwezi mzima."

Shangazi akahesabu. Elfu 36, haipungui hata senti. Akazifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kuwasha moto.

Asubuhi yake mwenye pikipiki alikuja kama kawaida. "Mama, leo trei halijajaa?"

"Halijajaa," shangazi akamjibu. "Na kesho halitajaa."

Mimi nikarudi Dar. Unga wangu niliumalizia kulekule kwa aibu, lakini kopo niliacha. Nasikia lina kazi nzuri sasa: shangazi anahifadhia unga wa dengu, panya wasiufikie.