Vumbi la Kolo nusura linifukuzishe ukoo!

Wiki hii twende wote Kondoa, mkoani Dodoma, ila jiandae kula vumbi.

Kutoka Dar nilipanda treni ya umeme mpaka Dodoma, kisha basi. Barabara kubwa ni lami, unauchapa usingizi bila wasiwasi. Kasheshe inaanzia Kolo, pale unapoiacha lami na kupanda milimani kwa bodaboda. Ilikuwa Agosti, kiangazi cha kukata na shoka. Nilifika juu nimekuwa mwekundu kama tofali!

Lakini michoro ya mapangoni ni bomba. Twiga, tembo na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wamechorwa kwa rangi nyekundu kwenye miamba. UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na mpaka leo wenyeji wanafanya matambiko yao kulekule.

Nilikuwa na kamera ya dijitali niliyokodi kwa bro mmoja mwenye studio Kariakoo. Kwa uroho wa picha nikawa nabadilisha lenzi upepo unavuma, kamera imeachama juu kama kifaranga kinachosubiri kulishwa. Nikampiga picha mzee aliyetuongoza, nyuma yake bonde na anga la bluu. Akaitazama kwenye kioo, akauliza, "Kijana, hao ndege gani?"

Ndege? Angani hakukuwa na ndege hata mmoja! Vilikuwa vidoa vyeusi, kama saba hivi. Nikafuta lenzi, vipo. Nikabadili lenzi, vipo palepale! Jasho jembamba likanitoka. Jumamosi nilitakiwa kupiga picha harusi ya binamu yangu, na shangazi alishanilipa nusu. Shela jeupe lenye madoa? Si nitafukuzwa ukoo!

Usiku, gesti, nikafanya ujinga. Nikafungua kamera, nikapuliza kwa mdomo. Fuu! Vidoa vikabaki, na doa jingine kubwa likaongezeka.

Ijumaa nikampelekea bro kamera yake. Akachungulia, akaniangalia. "Dogo, umetema mate humu?"

"Nisamehe, bro."

Basi akanipa somo. Vumbi lilikuwa kwenye sensa (siyo ile ya kuhesabu watu!), tena juu ya kioo chembamba kinachoifunika. Pangoni kwenye giza nilifungua tundu la lenzi mpaka f/2.8, ndiyo maana picha zilikuwa safi. Juani nikaliminya mpaka f/16, kivuli cha vumbi kikajitokeza.

Kwanza akahakikisha betri imejaa, maana ikikata moto katikati ya kazi, kioo cha ndani kinakuangukia. Akaielekeza kamera chini, akapuliza kwa pampu ya mpira bila kuigusa sensa. Yale makopo ya hewa ya kushindilia hataki kuyaona, yanaweza kutema majimaji. Mate yangu ndiyo yaligoma. Akachukua kijiti chenye kitambaa, upana sawa na sensa, matone mawili ya dawa, akapitisha mara moja tu, akageuza upande wa pili, akarudisha. Kisha akapiga karatasi nyeupe kwa f/16. Kweupe pee!

Akanikumbusha pia kwamba doa la juu kwenye picha liko chini kwenye sensa, kwa sababu lenzi inapindua kila kitu.

Jumamosi bi harusi aling'aa, shangazi akamalizia mshiko wangu. Sasa hivi nikibadilisha lenzi, nazima kamera, naipa upepo mgongo, mdomo wa kamera unatazama chini.

Ile picha ya Kolo niliifuta madoa kwenye kompyuta, nikamtumia mzee kwenye simu ya mjukuu wake. Akanipigia kushukuru. "Umenipendezesha, mwanangu. Ila wale ndege umewapeleka wapi?"

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!