Presha Iliyo Nyuma ya Ukuta

Kazi yangu ni kulinda kuta za shimo la wazi la dhahabu, huku Kanda ya Ziwa. Wageni wakifika ukingoni huuliza kwanza habari za Ziwa Victoria: liko umbali gani, halitaingia humu siku moja? Ziwa halininyimi usingizi. Nayahofia maji yaliyo ndani ya mwamba, mita chache nyuma ya ukuta unaoonekana mkavu kabisa.

Mhandisi Karl Terzaghi alilieleza jambo hili miaka ya 1920, nasi tunaliishi kila masika. Uzito wa mwamba hubana nyufa zake, na msuguano huzuia tabaka moja lisiteleze juu ya jingine. Maji yakijaa ufani husukuma pande zote mbili. Mbano hulegea, msuguano hupungua. Kila mita ya kina cha maji ni takriban kilopaskali 10. Ufa wenye kina cha maji cha mita 30 husukuma kwa kilopaskali 300 pale chini, hata ukiwa mwembamba kama ukucha. Ndiyo maana sitishwi na wingi wa maji kama ninavyotishwa na presha.

Msimu mmoja fomeni wa uchimbaji aliniambia, "Kiongozi, hapa pakavu, mashine ya kutoboa ya nini?" Kweli, vumbi lilikuwa linapeperuka. Lakini piezomita, kifaa cha kupimia presha ya maji, nyuma ya ukuta huo ilizidi kupanda. Tukatoboa tundu la mlalo, limeinuka kidogo kuelekea ndani ili maji yateremke yenyewe. Mita za mwanzo zilitoa unga mkavu. Kisha tukapenya daiki, mwamba mweusi mgumu uliokatiza wima katikati ya mwamba mwingine, na maji mekundu yakaruka yakamlowesha mtoboaji hadi kifuani. Daiki ile ilikuwa imeyazuia maji ya bonde la jirani, na mbele yake hapakuwa na dalili yoyote.

Wakubwa hupenda pampu za chini ya shimo kwa kuwa kazi yake inaonekana. Zinakausha njia ya malori, sawa. Lakini huku juu tuna mwamba uliooza, wenye mfinyanzi mwingi, unaopitisha maji polepole mno. Tukichimba kwa kasi kuliko maji yanavyotoka, tunaondoa uzito uliokuwa ukiubana mwamba huku presha ikibaki ndani.

Na maji yanayochuruzika ukutani yakikatika ghafla wakati mvua bado inanyesha, sifurahi hata kidogo. Huenda mwamba umesogea ukaziba njia yake. Hapo naomba watu waondolewe chini kwanza, maswali baadaye.

Rada hupima mwendo wa ukuta kwa milimita, nami naithamini sana, ila huonyesha ukuta ulioanza kusogea tayari. Kwa hiyo nimeomba matundu ya mwaka huu yatobolewe Februari, kabla ya masika, mashine ikiwa bado inaweza kusimama kwenye benchi, yaani ngazi iliyochongwa ukutani, bila kukwama.