Mwana hiti na maswali ya binti yako

Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro kwa treni ya SGR ni chini ya saa mbili. Nilikwenda huko kuandika habari za hedhi kwa wanafunzi, nikajikuta nimesimama mbele ya meza ya mchongaji wa vinyago.

Miongoni mwa twiga na tembo kulikuwa na kinyago ambacho sikukielewa. Hakikuwa na mikono wala miguu. Kilikuwa na kiwiliwili cha mviringo, matiti madogo, kitovu, na kichwa chenye kishungi cha nywele kilichogawanyika sehemu mbili. Mchongaji akaniambia kuwa huyo ni mwana hiti.

Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Waluguru wanamfahamu. Zamani binti akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, akakabidhiwa mwana hiti amlee kama mtoto: amwogeshe, ampake mafuta, amtunze nywele. Wakati huo makungwi walimfundisha kwa nyimbo na mafumbo kuhusu usafi, ndoa na uzazi.

Kwa Waluguru jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa ukoo wao hufuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na haki ya ardhi ya ukoo ilipita njia hiyo hiyo. Binti akikua, ukoo umepata kesho yake.

Leo wateja wa mchongaji yule ni watalii. Anawachonga wakubwa kuliko wa zamani ili wasimame vizuri kabatini. Wale wa zamani wengi wako kwenye makumbusho na kwa wakusanyaji wa sanaa, na mwaka 1990 Marc Felix alitoa kitabu kizima kwa jina la Mwana Hiti. Nilimuuliza kama mama mwenye binti amewahi kumwagiza. Akacheka, akasema hajawahi.

Jioni nilikaa na mwalimu mmoja wa sanaa pale mjini. Alinionya nisipambe mambo. Mwali aliweza kukaa ndani miezi mingi, wengine hata zaidi ya mwaka. Leo huyo angekuwa amepoteza shule. Tena sehemu kubwa ya mafundisho ilimwandaa kwa mume kabla mwili wake haujawa tayari. Kwa mwalimu huyu, anayesifu umbo la mwana hiti bila kutaja mzigo aliobebeshwa binti, hajalitazama umbo lenyewe.

Maneno hayo niliondoka nayo asubuhi kwenda Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Tulipita Bigwa na Kiroka, kisha gari likaanza kupanda katikati ya migomba na michungwa. Ndizi zilikuwa zinashuka kwa bodaboda, sisi tunapanda.

Huko nilimkuta bibi aliyewahi kuwa kungwi, anachambua maharage kwenye ungo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapa, usaidie.”

Nikakaa, nikachambua. Nilipomweleza hoja ya mwalimu, hakubisha. Wajukuu zake mwenyewe walifundishwa siku chache tu wakati wa likizo, wakarudi shuleni. Kisha akanigeuzia swali: mimi nani aliniambia?

Nilimweleza ukweli. Mama alinipa pakiti ya pedi, akasema nisicheze na wavulana, akatoka chumbani. Kwa miezi kadhaa niliamini kuwa mvulana akinishika mkono nitapata mimba. Sikumuuliza mtu.

Bibi aliendelea kuchambua. Baadaye akasema kuwa mwana hiti mwenyewe hakumfundisha mtu kitu. Kazi yake ilikuwa kuipa mikono shughuli, ili mambo ya aibu yasemwe bila watu kutazamana usoni. Ndipo nikaona kwamba tangu nifike, mambo yote niliyomweleza nilikuwa nimeyasema macho yangu yakiwa kwenye maharage.

Mzazi mwenzangu unayesoma hapa, binti anaweza kupata hedhi ya kwanza akiwa na miaka 9, ingawa wengi huanza baadaye kidogo. Ukisubiri siku yenyewe, umechelewa. Hatuhitaji kumfungia mtu ndani wala kumtoa shule. Tunahitaji mtu wa kuzungumza naye na kazi ya mikono: kusuka nywele, kuchambua mchele, kukunja nguo. Mweleze damu inatoka wapi, pedi inavaliwa vipi na kubadilishwa mara ngapi kwa siku, na kwamba mimba haiingii kwa kushikana mikono. Baba naye asikimbie. Binti ajue kuwa anaweza kumwomba hela ya pedi bila kuzunguka. Na kaka zake wakisikia mapema, hawatamcheka darasani.

Nikirudi, nilipita tena kwa mchongaji nikanunua mwana hiti mdogo kuliko wote, urefu wa kiganja. Mpwa wangu ana miaka 10. Jumamosi, nikiwa namsuka, yeye akimshika mwana hiti mapajani, nilimweleza ni nani na alikuwa wa nini. Alinyamaza mistari miwili mizima. Kisha akauliza kama hedhi inauma.

Tulimaliza kichwa kizima tukizungumza hilo.